Bitana ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliitwa Breki na mtaa mzima. Alianza kazi ya breki za malori kabla hajaota ndevu, akaendelea nayo mpaka ndevu zikaota mvi, kwenye gereji ileile, chini ya tajiri yuleyule aliyeamini kwamba dirisha ni mlango wa wezi. Kwa hiyo gereji haikuwa na dirisha, na kweli, katika miaka yote hiyo haikuibiwa kitu. Kilichochukuliwa ni pumzi za mafundi, na hizo hazikuwa mali ya tajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori linaletwa, gurudumu linafunguliwa, ile lainingi iliyochakaa, yaani bamba linalobana gurudumu, inabanduliwa kwenye chuma, mpya inapigiliwa kwa riveti, kisha inasagwa mpaka ikae sawa. Baada ya hapo panasafishwa. Kusafisha maana yake ilikuwa kupuliza kwa kompresa: vumbi la kijivu linapaa mpaka darini, watu wanakohoa, vumbi linatua palepale lilipokuwa, na tajiri anatangaza kwamba gereji sasa inang'aa. Kwenye maboksi ya lainingi paliandikwa asbesto. Breki aliniambia kwamba kwa miaka mingi alidhani hilo ni jina la mwenye kiwanda.

Lakini tusimwonee tajiri. Alikuwa na huruma. Kila Ijumaa aliwagawia mafundi maziwa, ati yanaondoa vumbi kifuani. Kwamba maziwa hushuka tumboni na vumbi huenda mapafuni, na kwamba wasafiri hao wawili hawakutani popote njiani, ni jambo dogo lisilopaswa kuharibu nia njema ya mtu.

Dada yangu ni fundi cherehani, tena wa makoti na suti, si wa viraka. Mashine yake iko chumba cha mbele, na mimi nilihamia kwao nilipofiwa na mume, nikawa nakata na kupiga pasi wakati yeye anashona. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Na kilichosikika nyumba ile ni ugomvi. Breki akiingia tu, dada anaanza: "Wewe mwanamume, spana kwenye kabati la vikombe? Kwani sisi tunakunywa grisi humu?" Breki anamjibu kwamba vikombe vyenyewe vina nyufa, afadhali spana zina kazi. Wanaendelea hivyo mpaka chakula kinaiva, na wanakula wakiendelea. Mgeni angedhani wanaachana kesho. Sisi tuliowazoea tulijua kwamba wakinyamaza ndipo pa kuogopa.

Ugonjwa wa Breki ulianza kwa kuhema. Akipanda ngazi mbili anasimama, anajifanya anaangalia mandhari, na pale kwetu mandhari ni ukuta wa jirani. Kisha maumivu ya ubavu wa kulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Breki hakuficha: alikwenda hospitali mapema kama raia mwema, na huko wakamwambia ni kifua kikuu, maana mtaani kwetu kila anayekohoa ana kifua kikuu mpaka athibitishe vinginevyo. Akameza vidonge, akamaliza dozi. Kile kifua kikuu ambacho hakikuwepo kilipona vizuri sana. Kuhema kukazidi.

Mara ya pili wakamtoa maji ubavuni, ndoo kwa ndoo, yakarudi. Mara ya tatu wakampeleka hospitali kubwa, wakamkata kipande cha nyama ndani ya kifua wakakipima. Jibu lilikuja na jina refu: mesothelioma. Saratani ya utando unaolizunguka pafu. Daktari alimuuliza swali moja tu, "Uliwahi kufanya kazi yenye asbesto?" na Breki akatazama mikono yake.

Hapa ni lazima nimtaje Kaka Mkubwa. Huyu ni kaka yake Breki, mstaafu wa idara ya mizani, mtu ambaye hakuna jambo asilolijua isipokuwa wakati wa kunyamaza. Kila sentensi yake huanza na neno "kitaalamu". Siku ileile alitamka mesothelioma kama mtu anayemtaja binamu yake, na kufikia jioni alikuwa ameshawaeleza majirani wote kwamba, kitaalamu, ni uvimbe mdogo wa juujuu.

Tulikwenda sote wanne kwa daktari wa upasuaji wa kifua, mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa na haraka. Nampa haki yake: hakutudanganya. Alichora pafu kwenye karatasi ya kufungia glavu, akachora utando kulizunguka. Akasema aina ya saratani aliyonayo Breki ni ile yenye afadhali kidogo, haijavuka upande wa pili, na moyo wake una nguvu. Kwa hiyo zipo njia mbili. Moja ni dawa za dripu peke yake. Nyingine ni kufungua ubavu na kuumenya ule utando, kutoka ukutani mwa kifua na juu ya pafu lenyewe, kisha dripu zifuate.

"Operesheni hii haiondoi ugonjwa," alisema. "Huenda ikaongeza muda na kumpunguzia kuhema. Huenda. Wengine waliopasuliwa wameishi mwaka, wengine miwili, wachache wamepita hapo. Wapo waliofia mezani, na wapo waliotoka wakawa dhaifu kuliko walivyoingia. Sisi wenyewe madaktari tunabishana kama inasaidia kweli. Siwezi kukuchagulia, baba."

"Kitaalamu," alisema Kaka Mkubwa, "wastani ni ngapi?"

Daktari akamtajia. Kaka Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, utadhani amepewa uzito sahihi wa gunia.

"Huyo Wastani ni nani?" Breki akauliza. "Kuna mtu amewahi kumwona?"

Nilicheka, peke yangu. Dada yangu hakucheka kwa sababu alikuwa ameinamia ule mchoro, anaufuatisha kwa kidole.

"Daktari, samahani," alisema. "Huo utando si ndiyo bitana?"

"Bitana ya nini, mama?"

"Ya koti. Kitambaa cha ndani."

Daktari akafurahi waziwazi. "Hasa! Bitana ya koti. Tangu leo nitawaeleza wagonjwa hivyo hivyo."

"Na mnaitoa yote?"

"Kadiri mkono utakavyofika. Yote kabisa haiwezekani, vipande vidogo hubaki."

"Itoeni," alisema dada, na akamgeukia mumewe. "Breki, itolewe. Bitana mbovu haiachwi ndani, inaoza na koti lenyewe."

Breki akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na kama fundi amesema, yeye ni nani. Tukatoka tumeridhika, kila mtu na lake. Sasa nikuulize wewe unayesoma: katika maneno yale, umeona kosa liko wapi? Basi sisi hatukuliona. Kazini kwa dada yangu, mteja akileta koti bitana imechanika, unaifumua, unaitoa, halafu unaweka nyingine. Hakuna fundi duniani anayemrudishia mteja koti tupu. Kutoa ni nusu ya kazi. Dada alisikia nusu ya kwanza, akasubiri ya pili kwa imani yote, na hakuna aliyemwambia kwamba hospitali wanatoa tu.

Operesheni ilichukua kutwa. Kaka Mkubwa aliwahi mlangoni, akamnasa daktari msaidizi, akarudi mbio na neno moja: "Imefanikiwa!" Akapiga simu kwa ndugu wote. Kufikia kesho yake, ndugu wa mbali walikuwa wanatoa shukrani kwamba Breki amepona, na mmoja akauliza lini atamtengenezea gari. Breki mwenyewe wakati huo alikuwa chumba cha mahututi, na mirija ubavuni ikitoa povu kwenye chupa, na mshono kuanzia mgongoni mpaka chini ya ziwa. Kama kule ndiko kufanikiwa, Mungu atuepushe na kushindwa.

Lakini alitoka. Akaanza kutembea korido, kisha akarudi nyumbani, na kweli, kuhema kukapungua. Nilimwona akipanda zile ngazi bila kuangalia mandhari. Dripu zikafuata, zikamwangusha, akainuka. Kama hadithi ingeishia hapo, ningemsifu daktari nikafunga mdomo.

Kilichoharibika ni dada. Tangu mumewe arudi, hakumgombeza hata mara moja. Alimwita "baba" badala ya Breki. Aliongea naye kwa sauti ya watu waliokwenda kuazima kitu. "Pole, baba. Usiinuke, baba. Nikuletee supu, baba?" Breki aliweka spana kwenye kabati la vikombe makusudi, nilimwona kwa macho yangu, akakaa anasubiri. Dada akafungua kabati, akaitoa spana, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha kwenye boksi bila neno. Breki akanitazama kama mtu aliyekosa mshahara. Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa ugenini nyumbani kwake miezi na jembe hakuliona.

Na kila alichotaka kilisogezwa mbele. Alitaka kukaa na wenzake gereji, nje, mbali na vumbi. "Baadaye, baba." Alitaka kwenda kumwona binti yao, anayeishi mji wa mbali, safari ya kutwa kwa treni, ambaye amezaa mtoto ambaye babu yake alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa tangu ujauzito: mara dada ana suti za harusi, mara Breki ana malori. Sasa hakuna lori, hakuna harusi, na Breki alikuwa na nguvu za kusafiri. Aliniambia wazi, "Shemeji, kitu kimoja tu nakitaka. Nimbebe yule mtoto wakati mikono yangu bado inabeba." Akamwambia na mkewe.

"Tutakwenda, baba," dada alisema, huku anapachika bobini. "Ukishawekewa bitana."

Breki alidhani amepata utani wake. Uso ukamchanua. "Nichagulie satini basi, ya bluu. Hizi za pamba zinawasha."

"Sijui kama wana satini," dada alisema taratibu. "Nitamuuliza daktari."

Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Breki alicheka kidogo, kicheko kikaisha njiani. Alimtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa anashona huku akiimba kwa pua kama afanyavyo kazi ikinyooka, kisha akanitazama mimi. Niliunguza ukosi wa koti la mteja.

Baadaye aliniita uani. "Dada yako anadhani wataniwekea nyingine."

"Nimesikia."

"Usimwambie."

"Kwa nini?"

"Ulimsikia anaimba?"

Mimi ni mtu wa mdomo, kila anionaye anajua. Namjibu tajiri, namjibu Kaka Mkubwa, namjibu hata kondakta wa treni. Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimpenda shemeji yangu, nasema hapa kwa sababu yeye hakuwahi kulisikia kwangu. Sisi tulikuwa na utani wetu wa kuumbuana, na ndani ya utani mtu hasemi mambo kama hayo. Nikamwambia yeye ni mjinga na mkewe ni mjinga mwenzake, nikarudi kupiga pasi.

Siku zikaenda. Dada akimtunza, anamfungia madirisha, anampunguzia chumvi, anawarudisha wageni mlangoni. Binti akipiga simu, dada anamwambia, "Baba yako bado hajakamilika." Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla shemeji yangu sasa kilikuwa mambo mawili: ule ugonjwa, na subira ya mke wake. Ugonjwa angalau ulikuwa na daktari.

Wakati wa kipimo kikubwa baada ya dripu kwisha, tulikwenda watatu. Daktari alikuwa bado anaitazama picha kwenye mwanga dada alipojisogeza mbele kwenye kiti, mkoba magotini, na kuuliza kwa adabu zote:

"Daktari, sasa ile bitana mpya mtaiweka lini?"

Daktari akageuka. Nadhani alielewa papo hapo, maana uso wake ulibadilika. Lakini Breki alimwahi.

"Ananitania huyo, daktari. Ndivyo tulivyo."

Daktari akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu nusu, na muuguzi aliyekuwa pembeni akacheka kwa nguvu. Dada akacheka pia, kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka kwa lugha asiyoijua. Kisha akatumwa dirisha la dawa. Alipotoka tu, daktari alimwonyesha Breki doa chini ya pafu, pale linapokaribiana na tumbo. Ugonjwa umerudi. Ipo dripu nyingine ya kujaribu. "Na kama kuna jambo la familia," alisema, "baba, lisingoje. Halafu mwambie mkeo. Ukishindwa, mlete, nitamwambia mimi."

Tulipofika nyumbani dada hakuvua hata viatu. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kukatia, akaniuliza mimi, si yeye:

"Nilikuwa natania?"

Nikasema, "Muulize mumeo."

Breki alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kile wanachokalia kupimwa suruali. Akavuta pumzi, na pumzi ikasikika.

"Fundi," alisema, "hawaweki nyingine. Haipo. Hawana mahali popote duniani. Iliyotoka imetoka, na vile vipande walivyoshindwa kuvitoa vimeanza kuota upya. Nimeonyeshwa leo."

"Unajua tangu lini kwamba haipo?"

"Tangu mwanzo. Sikujua kama wewe hujui, mpaka siku ile ya satini."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unaimba."

Dada alikaa chini sakafuni, na gauni lake alilokwenda nalo hospitali, gauni zuri la kuendea watu. Nilidhani atalia. Hakulia, si mwanzoni.

"Wewe Breki," alisema polepole, "una wazimu." Kisha sauti ikapanda. "Una wazimu! Miezi yote hii nakuweka kama vyombo vya wageni! Nakufunika, nakufuta, sikugusi nisije nikakuvunja, nakuhifadhi! Nakuhifadhia nani? Mtoto wa binti yangu ameota meno sijamwona, nasema ngoja, ngoja koti likamilike, na koti lenyewe linanitazama limenyamaza! Supu isiyo na chumvi umeinywa kimya, wewe unayetukana chai ikipungua sukari! Ningejua ningekugombeza kila siku! Ningekugombeza asubuhi na jioni!"

"Ningeshukuru," alisema Breki.

Hapo ndipo alipolia, na kumpiga mumewe kwenye goti, upande usio na mshono, tena na tena, akimwita mshenzi, mwongo, kichwa cha lori. Breki aliweka mkono juu ya kichwa chake akauacha pale. Nilitoka nje nikajifanya natazama mandhari.

Kaka Mkubwa alipopata habari, alikuja na kusema kwamba, kitaalamu, safari haishauriwi. Dada alimwambia kitaalamu mlango uko kule alikoingilia. Ndugu wengine walinuna kwamba kumbe Breki hajapona na wao walishatoa shukrani. Sijui kama walitaka kurudishiwa.

Nitasema sasa ili usikae ukingoja: shemeji yangu alikufa. Alimpita yule Wastani wa Kaka Mkubwa kwa kiasi fulani, si kwa kiasi cha kujivunia, na watu wakauliza kama operesheni ilisaidia au ingekuwa hivyo hivyo. Sijui. Daktari naye alisema hajui, na ndiyo maana namheshimu. Najua tu kwamba katika muda huo, ule ulioongezwa au ambao ungekuwepo vyovyote, mwanzo wote tuliutumia kungoja, na mwisho wake hatukungoja tena.

Kwa binti yao waliondoka wiki ileile ya ule ugomvi. Niliwasindikiza stesheni. Dada alikuwa amebeba begi kubwa, Breki amebeba dogo, lenye nguo za mtoto alizoshona dada usiku na mchana. Treni ilikuwa imeshaingia, na dada alikuwa ameanza tangu getini: kwamba Breki amefunga begi kama anafunga mzigo wa mkaa, kwamba dawa ameziweka chini kabisa ambako hata panya hafiki, kwamba shati amevaa lile lenye doa la grisi ili mjukuu ajue moja kwa moja kazaliwa ukoo gani, kwamba mwanamume mzima anasahau kofia na jua lote hili, hivi kichwa anakihifadhia nini. Watu kwenye behewa waligeuka kutazama. Mama mmoja alimwonea huruma Breki, akamsogezea nafasi.

Breki alikaa dirishani, anahema kwa sababu ya zile ngazi za treni, jasho kwenye paji la uso. Dada bado alikuwa juu yake, anamfunga kifungo cha shati huku anamsema. Breki akainama nje ya dirisha kuelekea kwangu, uso mzima unacheka.

"Shemeji," alisema, "unamsikia?"